Makopo Manane ya Maman Zawadi

Maman Zawadi,

Nimekaa kwenye kiti chako, kile chenye mguu uliofungwa kwa kipande cha mpira, ndani ya chumba chetu cha dawa. Kengele ya kurudi nyumbani imekwisha kulia, na watoto wameteremka kilima na makelele yao. Mvua inatishia tu, bado haijaamua. Nimejiambia nikuandikie kabla sijafunga mlango, maana miezi saba ni mingi kwa watu wawili waliokuwa wakisemezana kila siku, na wewe hukumpenda mtu mwenye neno akakaa nalo kimya. Nina maneno. Mengine ni ya kukusifu, na mengine ni ya kukugombeza. Utavumilia yote mawili, kwa kuwa safari hii huwezi kunikatiza.

Kwanza habari. Zawadi, binti yako, hajambo. Tumbo limekuwa kubwa, na anasema akizaa msichana atampa jina lako. Kabati lako bado linalia likifunguliwa. Nimelitia mafuta ya mawese mara mbili, na sasa linalia kwa sauti nzito zaidi. Chungu chako bado kiko pembeni, kile kidogo ndani ya kikubwa, na mchanga wenye maji katikati. Dawa ya sukari ya yule mtoto wa mwaka wa pili imelala humo kwenye ubaridi, umeme uwepo usiwepo. Kila asubuhi namwagilia mchanga kama ulivyonifundisha, kikombe kimoja, si viwili. Direkta wa shule ameacha kuniuliza tumepanda nini mle.

Sasa nianze na kukugombeza, ili tumalize vizuri.

Ulituacha ghafla bila kutuaga. Ijumaa uliwapa watoto dawa zao saa sita, ukafunga kabati, ukajifunga kikwembe vizuri kiunoni, ukaniambia, "Mwalimu, tutaonana lundi." Jumatatu hiyo hukuiona: jioni ile ukaanguka jikoni kwako mbele ya sufuria ya bugali, na Jumapili, watu wakitoka misa ya kwanza, ulikuwa umekwisha kwenda. Jumanne tukakuzika. Waalimu wanawake wote tulivaa kikwembe cha kufanana, kile cha kahawia chenye majani ya njano, na kwaya yako ikakuimbia hadi sauti zikakauka. Mimi sikulia. Watu walidhani nina moyo mgumu. Ukweli ni kwamba nilisimama kando ya kaburi nikihesabu: Jumatatu watoto hawakunywa, leo hawakunywa, na kesho?

Jumatano direkta akaniita akanipa ufunguo wako, wenye ile kamba ya kijani. Aliniambia kwa vile darasa langu liko jirani na chumba hiki, na kwa vile nilikusaidia miaka miwili kuchota maji na kuosha vikombe, kazi sasa ni yangu. Nikafungua kabati. Nikakuta makopo manane ya maziwa ya unga, safi, sasa ya kutilia dawa, yamepangwa kama watoto wa komunyo ya kwanza. Kila kopo limevalishwa kipande cha kikwembe chenye picha yake: hiki samaki, hiki miavuli, hiki funguo, hiki maua mekundu. Jina hakuna hata moja, wala karatasi, wala kaye ya kuandikia.

Maman, siku ile nilikutukana. Nilikutukana kwa sauti, mlango ukiwa umefungwa. Miaka miwili ulinifundisha saa, ukanifundisha nusu kidonge na kidonge kizima, na namna ya kumshika mtoto wa pumu mgongo wima akivuta pompe yake ya dawa. Lakini kopo lipi ni la nani, hilo ulilibeba kichwani. Mtoto alipita nyuma ya pazia uliyotundika hapa, akaonyesha kikwembe chake, akapewa, akatoka akipangusa mdomo kama aliyekunywa maji tu. Mimi nilikuwa upande huu wa pazia na ndoo yangu. Nilipokuomba tuandike, ulicheka ukasema, "Weka ile rula yako chini, mwalimu, dawa haiko jeometri." Siku nyingine ukaniambia bila kucheka, "Jina ya mutoto haiandikwe fasi kila mutu anapita." Nilisikia kwa sikio moja tu.

Basi nilifanya nini? Saa sita ilipofika niliyapanga makopo yote mezani nikangoja. Wakaja mmojammoja, wembamba, wanyamavu, macho yakikutafuta nyuma yangu. Wakaonyesha. Miavuli ni ya yule wa sukari, ambaye dawa yenyewe iko kwenye chungu. Samaki ni wa Nabintu wa mwaka wa tano, msichana wa kifafa, ambaye mama yake anauza ndizi sokoni mpaka jioni na hawezi kupanda kuja kumpa kidonge cha saa sita. Maua mekundu ni ya yule ambaye sitamtaja hata katika barua hii, maana ulinifundisha. Saba walikuja, saba wakaonyesha. Kopo la nane, lenye ndege wa buluu, halikupata mwenyewe. Nilimngoja Alhamisi. Nilimngoja Ijumaa. Niliwaza kuna mtoto mahali fulani kwenye vilima hivi anayekaa bila dawa yake kwa sababu yako, na usingizi ukanihama.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa hili nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa wengine.

Unanijua. Napenda mstari ulionyooka na wino mwekundu. Nilikwenda kwa wazazi, nyumba kwa nyumba, nikauliza kila kitu, kisha nikaketi nikaandika orodha nzuri ambayo hujawahi kuona mfano wake: jina, darasa, ugonjwa, dawa, saa, kiasi. Bibi wa yule wa maua mekundu alikataa katakata mjukuu wake kuandikwa, nami nilimkasirikia, nikamwona mwanamke mkaidi wa zamani. Leo kila nikimwona kanisani natamani kumpigia magoti. Orodha nikaibandika ukutani katika chumba cha waalimu, juu ya meza ya chai. Nilisema moyoni: hata mimi nikifa kesho, hakuna mtoto atakayekosa tena.

Nikasahau ni nani hufagia chumba cha waalimu kila Ijumaa. Mimi mwenyewe ndiye niliyeandika zamu za kufagia! Watoto wa mwaka wa sita, kumi na wawili, na mafagio yao. Na tumewafundisha kusoma vizuri mno.

Jumatatu saa sita walikuja watatu tu. Jumanne wawili. Nabintu hakuja kabisa. Nilimkuta darasani kwake ameketi peke yake kwenye banki ya kukaa watu watatu. Alliance, rafiki yake tangu mwaka wa kwanza, yule aliyekuwa akila naye gunzi moja la muhindi wakipokezana, alikuwa amehamia dirishani, amegeuza uso. Kikombe cha maji cha darasa kilipita, kikamruka Nabintu, kikaendelea. Hakuna aliyemtukana. Ingekuwa matusi ningejua la kufanya. Nikamwita nje nikamwambia njoo unywe dawa yako. Akanijibu akitazama viatu vyake, "Nitakunywa kwetu, mwalimu." Nikamwamini kwa sababu ilikuwa rahisi kumwamini. Orodha nikaibandua siku hiyohiyo, lakini kubandua karatasi hakufuti kilichosomwa.

Alhamisi asubuhi, tumepanga mistari mbele ya bendera, Nabintu akaanguka.

Wewe umeona watoto wengi wakianguka, mimi nilikuwa bado. Alitoa sauti, halafu akaenda chini mzima mzima, na mistari yote ikapasuka kumzunguka, wakabaki wameacha duara kubwa kama la mchezo wa kamba. Mtu akapiga kelele, "Musimuguse! Iko na povu!" Sijui kama alikuwa mtoto au mwalimu. Nadhani alikuwa mwalimu. Na mimi, Maman, mimi niliyekaa miaka miwili upande wa pazia yako, nilisimama. Nilisimama muda wa Salamu Maria moja nzima. Nimelelewa hapahapa kama wao. Nyumbani kwetu waliniambia mate ya mtu wa kuanguka yakikupata, nawe utaanguka, na jambo uliloambiwa ukiwa na miaka mitano halisikilizi masomo uliyosoma ukiwa na thelathini. Miguu ilikataa. Nilimwona akigonga kichwa juu ya changarawe, mara moja, mara mbili, nami nimesimama.

Kilichonisukuma ni hadithi yako. Ulinisimulia mara moja tu, tukiosha vikombe, na hukuinua macho. Wakati ulipokuwa infirmière, muuguzi, kule Bunyakiri, mliletewa msichana aliyeanguka kando ya moto wa jikoni. Nyumba ilikuwa imejaa watu. Wote walitoka nje, wakangoja aache kutetemeka, na moto haukungoja. Ulimfunga mikono ile iliyoungua kwa wiki nyingi. Ulisema alipoamka hakuuliza juu ya mikono. Ukaniambia, "Batoto bote ba kuanguka, bakiamuka, banauliza paka swali moja tu: ni nani alinishika? Na kama hakuna mutu, banajua." Kisha ukanitia kikombe mkononi nikikaushe.

Nikaenda. Nilikuwa nimevaa kile kikwembe chetu cha kahawia, cha kukuzika. Nikakifungua, nikabaki na sketi ya ndani mbele ya shule nzima, nikakikunja chini ya kichwa chake, nikamgeuza ubavu kama ulivyonionyesha kwa mto siku moja. Povu likanipata mkononi. Nikalipangusa kwa ncha ya kikwembe hicho. Alipoamka, macho yake yalizunguka duara lile lote, watu mia tatu mbali, halafu yakarudi kwangu. Akauliza, "Ni nani alinishika?" Nikasema mimi. Sikumwambia kwamba nilichelewa. Nadhani alijua.

Nilifungua kopo lake la samaki baadaye. Vidonge vilikuwa vilevile, tangu Jumatatu, havijapungua hata kimoja. Na kwao, mama yake aliniambia, hakuwa na kingine cha saa sita. Aliviacha kwa aibu, na aibu ile niliiandika mimi kwa wino mwekundu.

Siku ya pili mama yake akapanda kuja shuleni, miguu ina matope, kikapu cha ndizi bado kichwani. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Akasema, "Mwalimu, minachoka. Ntamupeleka kwa koko yake ku Luhwindja. Kule atalima. Hata akianguka, ataanguka mu shamba yetu, hakuna mutu atamukimbia." Nikamwuliza na dawa? Akainua mabega. Kutoka kwa bibi yake hadi kwenye dispanseri ni nusu siku ya mguu. Na masomo? Nabintu ndiye wa pili darasani, Maman, wa pili kwa watoto hamsini na wanne. Alikuwa amesimama mlangoni wakati mama yake anasema hayo, anang'oa uzi kwenye sweta yake. Wakati huohuo wazazi wengine walikuwa wamemwandikia direkta barua: mtoto yule atoke, au watoto wao watatoka. Direkta, unamjua, si mtu mbaya, ila hapendi barua. Akaitisha mkutano wa wazazi Jumamosi ya wiki iliyofuata, na mama Nabintu akakubali kungoja mpaka siku hiyo.

Katikati ya wiki, kwa kutojua la kufanya, nilifanya dogo nililoweza. Nilichukua lile kopo la ndege wa buluu nikashuka nalo kwenye dispanseri, nimwulize infirmier ni dawa ya ugonjwa gani, pengine kwa njia hiyo nimpate mtoto mwenyewe. Akavigeuza vidonge mkononi. "Hii ni ya tansyo, maman mwalimu. Ni ya mutu mukubwa. Hakuna mutoto anakunywaka hii." Dawa ya shinikizo la damu! Nikamwambia haiwezekani, kopo liko katika kabati la shule. Nikasikia sauti yangu ikisema hivyo, na kabla sijamaliza nikakumbuka ulivyokuwa ukishika ukingo wa meza unapoinuka. Ukasema ni magoti. Nikakumbuka kichwa kilichokuwa kikikuuma kila mchana, ukasema ni makelele ya watoto wa mwaka wa kwanza.

Nikaenda kwa Zawadi. Alipoona ndege wale wa buluu tu, akakaa chini. Ni kikwembe ulichovaa ulipotoka Bunyakiri kuja mjini, alisema, na ndicho ulichombebea yeye mgongoni. Tulihesabu vidonge pamoja juu ya kitanda chako. Kopo lilikuwa limejaa karibu lote. Ulikunywa siku chache, ukaacha.

Kwa nini, Maman? Nimejibu mwenyewe mara nyingi, kila mara jibu jingine. Pengine uliogopa direkta angekuambia umezeeka, rudi nyumbani. Pengine ilikuwa tu hivi: saa sita ilipofika ulikuwa na watoto saba, na wewe ulikuwa wa nane, na kengele ikalia. Uliwapa wote saa yao, yako ukaiacha. Ulipenda kusema, "Dawa haijue mwalimu, haijue direkta. Inajua paka saa tu." Haikukujua na wewe pia. Nilikaa juu ya kitanda chako nikalia ule msiba niliokuwa nimeuacha kaburini, na Zawadi, mwenye mimba, ndiye aliyenishika mimi.

Kila mwaka nafundisha ile methali, mficha maradhi kifo humuumbua. Naiandika ubaoni, watoto wanainakili na kupigia mstari, tunaendelea na zoezi. Sikuwahi kufikiri kwamba mficha maradhi anaweza kuwa mtu niliyeosha naye vikombe. Lakini pia sikubaliani na methali hiyo tena kama zamani. Nabintu alifichwa miaka miwili, na miaka miwili hakuanguka hata mara moja, akawa wa pili darasani. Pazia yako ilimlinda. Karatasi yangu ndiyo iliyomwangusha. Na pazia hiyohiyo ndiyo iliyokuua wewe. Sijui methali inayosema yote mawili.

Na kuna jambo jingine. Siku ile kwenye dispanseri, infirmier alinitazama nilivyokuwa napumua akasema, "Leta mukono, tupime." Akapima. Akapima tena. "Yako pia iko juu, maman mwalimu. Unalalaka vizuri?" Nikacheka kama mjinga. Nikatoka na vidonge vyangu mwenyewe ndani ya bahasha, na jambo la kwanza nililowaza, nisamehe, ni mahali pa kuvificha.

Jumamosi ikafika. Wazazi walijaa darasa la mwaka wa tano, wamekaa kwenye mabanki ya watoto, magoti yakigusa videvu. Mama Nabintu alikaa nyuma karibu na mlango. Nilikuwa nimemwomba Zawadi ruhusa ya kukutaja, naye akaniambia, "Sema tu, mwalimu. Maman alisemea bote, yeye mwenyewe hakujisemea." Papa mmoja mwenye koti, baba wa mtoto wa darasa hilohilo, akasimama wa kwanza. Alisema yeye hana chuki na mtoto wa mtu. Halafu akanigeukia. "Ila ile povu, mwalimu. Ikirukia mutoto yangu, njo utanipa mutoto mwingine?" Watu wakaitikia.

Nilikuwa nimeandaa hotuba yenye sehemu tatu. Niliisahau yote. Nilichukua kile kikwembe cha kahawia nikakikunjua mezani, nikasema povu liliingia hapa, na hapa kwenye mkono huu, siku tisa zilizopita, nami niko mbele yenu. Nikasema kifafa hakiambukizi, infirmier yuko nje, mwulizeni. Nikasema kinachomwangusha mtoto huyu ni kukosa dawa, na aliyemkosesha dawa ni mimi, kwa karatasi niliyobandika. Nikawaambia juu yako. Wengi walikuwa wamekulilia, na hakuna aliyejua ulikufa kwa nini. Nikaweka kopo lako mezani likiwa limejaa, nao wakalitazama.

Kisha nikatoa bahasha yangu. Nikasema, hii ni ya kwangu, nina tansyo, saa ni sita. Nikanywa kidonge mbele yao, na maji yakanipitia vibaya nikakohoa kama mtoto wa pumu. Wengine walicheka. Mama mmoja mzee akasema kwa nguvu, "Mupigeni mugongo, asikufe na yeye!" Darasa zima likacheka, hata yule papa mwenye koti. Hatukupiga kura wala kukumbatiana. Yule papa alisema atatoka nje kumwuliza infirmier mwenyewe, akatoka, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi akasema mtoto abaki, "mpaka tutaona." Nililichukua neno hilo kama lilivyo. Jumatano mama Nabintu akamrudisha, na sweta imeshonwa.

Baada ya hapo nilifundisha darasa baada ya darasa. Sikutaja mtu. Nilimlaza mwalimu wa mazoezi ya viungo chini, yule mnene, watoto wakamgeuza ubavu kwa kucheka na kusukumana: sogeza mabanki, weka kitu laini chini ya kichwa, mgeuze, usimtie kitu mdomoni, hesabu muda, kaa naye. Alliance alikuwa nyuma, hakucheka. Sikujua alikuwa anafikiri nini. Banki yake ilibaki dirishani na ya Nabintu ikabaki pale, wiki moja, wiki mbili, mwishowe miezi.

Wiki iliyopita, Maman. Ndiyo maana nakuandikia leo, si jana. Nabintu alikuwa na homa ya malaria, na homa inaweza kumwangusha hata akinywa dawa, wewe ndiwe uliyeniambia. Nilikuwa darasani kwangu, nikasikia mabanki yakiburutwa kwa nguvu upande wa pili wa ukuta. Nikakimbia. Mwalimu wao alikuwa ametoka kutafuta chaki. Nilipofika mlangoni sikuwa na kazi ya kufanya. Mabanki yalikuwa yamesukumwa ukutani. Nabintu alikuwa amelala ubavu, kichwa juu ya sweta tatu. Alliance alikuwa amepiga magoti nyuma yake, amemshika bega, povu kwenye mkono wake wa shati, akihesabu kwa sauti kwa Kifaransa, kwa kuwa nilisema wahesabu muda. Wengine wanne walikuwa wamechuchumaa hapo. Nilibaki mlangoni, nimesimama tena, lakini kwa namna nyingine.

Akafungua macho. Akauliza lile swali lako.

"Ni nani alinishika?"

Wakamjibu wote pamoja, kama wanajibu hesabu rahisi. "Ni siye."

Nilitoka nje nikasimama nyuma ya choo cha waalimu mpaka uso wangu ukakubali kurudi darasani.

Haya, nimekugombeza, nimekusifu, sasa nifunge. Makopo bado hayana majina, na kila mtoto bado anachagua kikwembe chake. Orodha ipo, nimeiandika upya, na bibi yule mkaidi amekubali nami nikaandika alivyotaka yeye. Nimeikunja mara nne nikaiweka ndani ya kopo lako la ndege wa buluu, katikati ya mengine, kabati likifungwa kwa ufunguo wenye kamba ya kijani. Mimi na direkta tu ndio tunaojua. Vidonge vyako nimevirudisha kwenye dispanseri. Kopo la tisa ni langu. Nimelivalisha kipande cha kikwembe cha kahawia, nilichokikata upande uleule uliokuwa chini ya kichwa cha Nabintu, umefuliwa lakini doa halikutoka lote.

Nakuahidi hivi. Kila saa sita nitafungua langu kwanza, pazia ikiwa wazi, watoto wakiniona. Nikishameza, nitavuta pazia na kuwaita wao, mmojammoja. Na nikisahau, kuna mtu wa kunikumbusha: leo nilikuwa nahangaika na chungu, Nabintu akasimama mlangoni na kikombe chake, hakuonyesha kopo la samaki. Alionyesha langu, akaniambia, "Mwalimu, weye njo wa kwanza."

Nimekunywa, Maman. Pumzika sasa.

Mwalimu wako wa rula,
Nsimire